Siku Tisa za Kijani

Kijiko ndicho kilichoniamsha. Nje bado giza, na huko jikoni mtu alikuwa akikoroga chai. Akakoroga, akakoroga. Nikajiuliza, sukari gani hiyo isiyoyeyuka?

Nikavaa kandambili zangu, nikaenda polepole huku nimeshika ukuta. Mjukuu wangu alikuwa amesimama gizani mbele ya dirisha, kikombe mkononi. Nilipowasha taa, nikaona kikombe ni kitupu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "chai yenyewe umeisahau."

Akakitazama kile kikombe kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Bibi, mimi kazi hii siiwezi tena."

Ngoja nisimame hapo kidogo, kwa ajili ya yule ambaye gazeti la juma lililopita lilimpita.

Mjukuu wangu huyu nimemlea tangu ana miaka minne. Sasa ana ishirini na tisa, na anatengeneza programu za kompyuta. Kampuni yake ina kitu wanachokiita Sauti. Sauti huwapigia simu wazee wanaoishi peke yao, kila asubuhi, ikawauliza hali. Mzee akisema yu salama, jina lake kwenye kompyuta huwekwa alama ya kijani. Akisema anaumwa, alama huwa nyekundu, na mtu hutumwa kwake. Sauti ilipoanza kazi, manesi waliokuwa wakizunguka majumbani waliambiwa wabaki hospitali.

Niliwaachia pale mlangoni kwetu, nesi akiwa amesimama na habari ya Fundi. Fundi ni mshonaji nguo wa mtaa wa nyuma, rafiki wa marehemu mume wangu. Ana kisukari. Alikanyaga sindano ya cherehani iliyovunjika, kidonda kikaoza, nesi akamkuta kitandani anaweweseka kwa homa. Siku tisa zilikuwa zimepita. Na katika siku zote tisa Sauti ilimpigia, yeye akapokea, na kompyuta ikaandika kijani.

Basi hiyo ndiyo chai iliyokuwa ikikorogwa.

"Kazi gani isiyochosha?" nikamuuliza, nikiwasha jiko. "Mimi nimefua nguo za watu miaka kumi na saba. Kuna siku nilitamani nizitupe zote mtaroni."

"Sijachoka, Bibi. Ningekuwa nimechoka ningelala. Hiki kitu hakilali."

Akaenda sebuleni, akafungua kompyuta, akaifunga. Akarudi. Akafungua mlango wa nyuma, akachungulia uani, akaufunga. Akaanza tena safari ya sebuleni.

"Keti, mama. Unanifagilia nyumba kwa miguu."

Akaketi. Goti likawa linacheza chini ya meza mpaka vikombe vikalia.

"Kesho saa mbili asubuhi kuna wageni wanakuja ofisini," akasema. "Wanataka Sauti iende kwenye miji yao pia. Wamesikia habari ya Babu Fundi, wanataka ripoti. Ripoti imeshaandikwa. Inasema mfumo ulifanya kazi sawasawa, mzee mwenyewe ndiye hakutoa taarifa."

"Hakutoa taarifa," nikarudia.

"Inangoja saini yangu. Yale maswali ya Sauti niliyatengeneza mimi."

"Na usipotia saini?"

"Nikusanye vitu vyangu."

"Na ukitia?"

Akanisogezea kikombe. Nikammiminia chai, ya kweli safari hii, nikasukuma bakuli la sukari mbali naye.

Nataka mjue kwamba mtoto huyu aliipenda kazi yake. Alipokuwa na miaka kumi na tano, programu yake ya kwanza kabisa alimtengenezea huyo huyo Fundi. Fundi alikuwa anaandika vipimo vya wateja kwenye vikaratasi, anavibandika ukutani, upepo ukija bwana harusi anashonewa suruali kwa vipimo vya bibi wa kwaya. Mjukuu wangu akamtengenezea kitu kwenye kompyuta moja kuukuu: unaandika jina la mteja, kiuno na mabega vinatokea. Fundi aliandika jina lake mwenyewe, akaona kiuno chake, akapiga kelele, "Mashine inanitukana!" Tulicheka mpaka nikakaa chini.

"Wakati ule," akaniambia asubuhi hiyo, kama aliyekuwa ndani ya mawazo yangu, "nilikuwa nikiandika kitu namwona anayekitumia. Namwona usoni. Sasa mwaka mzima sijamwona mzee hata mmoja. Naona alama tu. Nikizipata za kijani nyingi, napigiwa makofi."

Saa tatu akaingia kwenye mkutano wao wa kila siku, pale pale sebuleni, kwa kompyuta. Wanauita mkutano wa kusimama, na wote wameketi. Niliwahi kumuuliza mbona, akasema zamani walikuwa wanasimama kweli ili mkutano uwe mfupi. Sasa unachukua saa nzima, na kusimama saa nzima nani ataweza?

Siku hiyo wengine walitoka mapema, akabaki yeye na meneja wake. Huyo meneja wenzake humwita Bwana Dakika, kwa jinsi anavyohesabu urefu wa simu. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye mkeka, nachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi!" Bwana Dakika akaita kutoka kwenye kioo. "Nakuona na sinia lako."

"Marahaba, mwanangu. Ukipita huku, ule."

"Nitapita. Habari za macho?"

"Nzuri, nashukuru."

Simsingizii ubaya kijana huyu. Nilipopasuliwa jicho, yeye ndiye aliyemwambia mjukuu wangu, "Nenda kakae na bibi yako juma zima, mimi nitakushikia kazi," na akaishika. Nililikumbuka hilo wakati nikimsikiliza.

"Dada, nimeisikiliza simu ya yule mzee," akasema. "Kaulizwa habari, kajibu nzuri. Ulitaka tufanyeje? Tumwite mwongo?"

"Alikuwa hajamaliza kusema."

"Alijibu swali aliloulizwa."

"Tungemuuliza la pili, angesema."

"La pili!" Akavua miwani, akayasugua macho. "Simu elfu arobaini kila asubuhi. Kila moja ukiiongezea hizo dakika zako, wa mwisho atapigiwa saa ngapi? Alasiri. Na huyo wa mwisho akiwa ndiye aliyeanguka alfajiri, utamwambia nini? Pole, tulikuwa tunasikiliza habari za jino la mwenzako?"

Mkono wangu ukasimama juu ya maharage, maana niliona kuwa maneno yale yana uzito wake.

"Sisemi hujafanya vizuri," akaendelea, sauti imelainika. "Nasema hakuna aliyekosea. Kesho uvae vizuri. Nimewaambia wageni kwamba wewe ndiye mama wa Sauti."

Kioo kikawa cheusi.

"Umesikia, Bibi? Nimezaa."

"Hongera. Hata kitovu hatujazika."

Alicheka akiwa tayari amesimama. Akaanza tena: dirishani, mlangoni, mezani. Nikamwachia azunguke. Mzunguko wa nne nikamwambia, "Nataka kuzisikia."

"Nini?"

"Simu za Fundi. Zote tisa."

"Bibi, hazifai."

"Nimezika mume na watoto wawili. Niwekee."

Akaniwekea. Ya kwanza, Sauti inasema kwa upole kabisa, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri: "Shikamoo, mzee. Habari za leo?"

Na Fundi: "Marahaba, mwanangu. Nzuri, namshukuru Mungu, ila..."

"Asante sana, mzee. Uwe na siku njema."

Kata.

Siku ya pili: "Nzuri, mwanangu, ila huu..." Kata. Siku ya nne ameanza kukimbia, masikini: "Nzuri nzuri ila mgu..." Kata.

Sasa, nani kati yetu huanza na ugonjwa? Mtu akikuuliza habari, hata kama paa linaungua, utasema nzuri kwanza, ndipo uombe maji. Nzuri ni hodi. Ukishaisema, ndipo unapoingia ndani na mzigo wako. Sauti ilikuwa inafunga mlango kwenye hodi.

Siku ya saba Fundi hakusema "ila". Alisema, "Nzuri, mwanangu. Najua una wengi, usichelewe kwa ajili yangu."

Siku ya tisa alisema "Nzuri" peke yake, na baada yake ikasikika pumzi, nzito kama ya mtu anayepanda kilima.

Mjukuu wangu alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. "Mimi ndiye niliyeandika pale pa kukata," akasema. "Mimi, Bibi. Hii mikono."

Na hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapolazimika kusema jambo ambalo sikulisema juma lililopita wala lililotangulia, ingawa nililijua tangu nesi alipofungua mdomo.

Neno lile lilitoka kwangu.

Kabla Sauti haijaanza kazi, mjukuu wangu aliijaribisha kwangu. Nilikaa kwenye kiti hiki hiki, simu sikioni. Ikaniuliza habari, nikasema nzuri. Ikaniuliza tena: je, kuna maumivu yoyote? Je, umeanguka karibuni? Nikakasirika. Nikamwambia mtoto, "Hii ni simu au polisi? Mtu mzima akishasema nzuri, unamshukuru unamwacha na siku yake. Kumhojihoji ni kumkosea adabu." Akasema, "Ndivyo, Bibi?" Nikasema ndivyo. Akaandika kwenye daftari lake.

Nililiita adabu, nikijua kuwa nimedanganya. Majuma mawili kabla ya siku ile nilikuwa nimeteleza bafuni, nikaanguka kwa ubavu, nikalala sakafuni kwa muda nisioujua. Sikumwambia mtu. Niliogopa wataniambia siwezi tena kuishi kwangu. Swali lile la kuanguka lilinigonga penye jeraha, nikalifukuza. Kwa ajili ya ubavu wangu mmoja, wazee elfu arobaini wakanyimwa swali.

"Geuka," nikamwambia. "Nina neno."

Nikamwambia lote. Nilikuwa kama mtoto aliyevunja chungu. Nilidhani atasimama atoke nje. Kwa kweli nilishajiandaa kwa mlango.

Akanitazama tu.

"Ulianguka?"

"Mwaka juzi."

"Ukalala sakafuni? Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari, nikasema nzuri."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Nikadhani anacheka, kumbe analia. Akaja akakaa kwenye mkeka karibu na maharage yangu.

"Unadhani nilisahau ulichosema?" akauliza. "Nilikiandika siku ile ile. Lakini Bibi, neno lako halikukaa. Baada ya miezi mitatu nililiondoa."

Sikuelewa.

"Nilirudisha swali la pili. Nikaliweka kwa adabu: 'Na mengineyo, mzee?' Basi. Likafanya kazi majuma mawili. Wazee wakaanza kusimulia. Kuna mama alisimulia dakika kumi na moja. Kuna mzee alisema ameishiwa dawa, wakampelekea siku ile ile. Bwana Dakika akaniita, akanionyesha simu zimekuwa ndefu. Akasema litoe. Nikalitoa. Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani. Kazi ya dakika mbili."

"Alikulazimisha."

"Hakunilazimisha. Aliniambia tu. Ningeweza kubisha, sikubisha. Jumatatu simu zikawa fupi tena, ofisi nzima ikanipigia makofi." Akachukua harage moja, akaligeuza vidoleni. "Nami nilifurahi. Hilo ndilo linalonitoa kitandani usiku wa manane. Hakuna siku niliyofurahi ofisini kama ile."

Nimelea watoto wa tumbo langu na wa wenzangu, nikajua dawa ya homa, ya surua, ya kuachwa na mchumba. Ya hii sikuijua. Nikamshika mkono. Tukachambua maharage pamoja, na mengi mazuri tuliyatupa.

Adhuhuri ilipopita akasimama ghafla. "Twende hospitali."

"Saa ya kuona wagonjwa ni kumi."

"Tutangoja huko huko. Hapa nitatoboa sakafu."

Nesi tulimkuta kwenye korido ya wodi ya wanaume. Ndiye yule yule aliyekuwa akimzungukia Fundi kila Jumanne, kabla ya Sauti. Alipoambiwa abaki hospitali, alitii. Lakini siku yake ya mapumziko alikuwa akipita kwa Fundi mara moja moja, hakuna aliyemtuma, kumkagua miguu tu. Ndivyo alivyomkuta. Juu ya meza yake niliona soksi mpya za pamba, jozi mbili, zile laini za wagonjwa wa sukari.

"Za Fundi?" nikamuuliza.

"Zilikuwa zimekaa tu nyumbani," akasema. Karatasi ya bei bado ilikuwa inaning'inia.

Kwa mjukuu wangu hakuwa laini hivyo.

"Ninyi wa kompyuta mna bahati," akamwambia. "Mnawaona wazee elfu arobaini bila kuvua viatu. Mimi nilikuwa nawaona wanane kwa siku na mgongo unaniuma."

Mjukuu wangu akasema, "Ni kweli."

Nadhani nesi alitegemea abishane, maana alibaki na jibu lake mdomoni. Mwishowe akasema, kwa sauti nyingine, "Yuko kitanda cha dirishani. Usimchoshe. Na usimwambie lolote la kumtisha."

Fundi alikuwa amekonda, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Shemeji!" akaita aliponiona. "Umekuja kuniangalia au kuhakikisha?"

"Kuhakikisha. Nina nguo ya kushonwa, nataka kujua nitafute fundi mwingine au nisubiri."

"Subiri. Nashona kwa mikono. Mguu ni wa kukanyagia tu, nitaajiri mtu wa kukanyaga." Akamtazama mjukuu wangu. "Na huyu mbona amesimama kama mdai? Vuta kiti, mwanangu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mtoto wa vipimo! Umekua, mwili huna. Kiuno hicho nikikiandika mashine itaniambia nimekosea."

Hakuvuta kiti. Alisimama huku vidole vikihesabu kamba za mkoba.

Fundi akanigeukia, akateremsha sauti kama anayesimulia siri. "Shemeji, kuna binti hunipigia simu kila asubuhi. Simjui, yeye ananijua. Ana adabu huyo! Shikamoo mzee, habari za leo, uwe na siku njema. Nimemwomba nesi simu yangu ikae na chaji, nisimkose. Ana kazi nyingi tu, masikini, anaongea anakimbia. Nilitaka kumwambia habari ya mguu, nikaona nitamchelewesha."

Nilimtazama nesi, aliyekuwa kwenye kitanda cha jirani. Akainamisha kichwa juu ya chati yake.

Fundi hakujua. Siku zote zile hakuwahi kujua kuwa yule si mtu. Walimwambia siku ya kwanza, bila shaka, katika maneno mengi ya kukubali hili na lile, naye akasema ndiyo kama tunavyosema ndiyo sote.

Nikamkonyeza mjukuu wangu anyamaze. Mgonjwa ana faraja moja, kwa nini umnyang'anye? Lakini alikuwa ameshavuta kiti.

"Babu, yule si binti."

"Ni mama mtu mzima?"

"Si mtu. Ni programu ya kompyuta. Kama ile ya vipimo. Niliitengeneza mimi."

Fundi alimtazama. Akatazama simu yake pale kwenye kimeza. Halafu akamrudia.

"Pale anaposema uwe na siku njema," akauliza taratibu, "halafu simu inakatika. Anayekata ni nani?"

"Ni mimi, babu."

"Wewe?"

"Niliandika ikate pale."

"Na mimi nikaona huyu binti ana haraka ya nini." Akapangusa mdomo kwa kona ya shuka. Hakukasirika, na hicho ndicho kilichotuumiza. Alionekana kama mtu aliyeambiwa rafiki yake amehama bila kuaga. "Basi. Nilikuwa namwazia ana watoto."

Mjukuu wangu alitaka kusema samahani. Niliiona ikija. Akaimeza. Badala yake akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda.

"Habari za leo, babu?"

"Nzuri, namshukuru Mungu," Fundi akasema, kwa mazoea.

Mjukuu wangu akanyamaza. Hakusema asante wala pole. Kwa mara ya kwanza siku ile, goti lake lilitulia.

"Ila huu mguu," akasema Fundi.

Akasimulia. Sindano ilivyovunjika akishona zipu ya begi, alivyoifagia akadhani ameipata yote, alivyoona damu kwenye kandambili jioni bila kusikia uchungu wowote. Alivyomwogopa nesi kwa kuwa alishamwonya asitembee pekupeku. Alivyosikia harufu siku ya tano akadhani ni panya amefia chini ya cherehani, akamtafuta panya. Hapo alicheka mwenyewe, nasi tukacheka naye, Mungu atusamehe. Alisema mengi zaidi ya dakika kumi na moja. Nesi alimaliza kitanda cha jirani, akaja akasimama kwetu, akasikiliza naye.

Simu ya mjukuu wangu ikatikisika mkobani. Akaitazama. Mimi nina jicho moja zuri, nalo lilisoma: "Ripoti iko mezani kwako. Kesho saa mbili kamili. Wageni wameuliza kama utakuwepo." Akairudisha bila kujibu.

Nesi akakohoa. "Fundi, umewaambia ya daktari?"

"Nilikuwa napanda ngazi polepole, wewe unanisukuma."

"Waambie."

Akalivuta shuka mpaka kifuani. "Wananipasua kesho. Wanasema labda vidole viwili, labda mguu mpaka hapa," akajionyesha chini ya goti. "Hawajui mpaka wafungue. Wananichukua asubuhi."

"Saa ngapi?" akauliza mjukuu wangu.

"Saa mbili," akasema nesi.

Nilimwona akifumba macho. Ofisi yao iko upande wa pili wa mji, na saa mbili ni moja tu.

"Mimi nitakuwepo, Fundi," nikawahi kusema. "Nitalala hapo kwenye benchi ikibidi."

"Wewe najua utakuja, shemeji, hata nikikufukuza. Wewe si wa kualikwa." Akanyoosha mkono, ule mkono wenye alama za sindano kila kidole, akashika pindo la mkono wa shati la mjukuu wangu kama anayepima kitambaa. Macho yalikuwa yamelowa, ingawa mdomo bado ulijaribu kutabasamu.

"Njoo tena kesho, mwanangu," akamwambia. "Kabla hawajanilaza. Uje wewe mwenyewe. Utakuja?"